Magari ya Waya ya Ufipa Yamehifadhiwa Wapi?

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuziweke kando habari za bei na za siasa, tuzungumze juu ya kitu kidogo sana: gari la kuchezea la mtoto. Najua wako watakaosema kwamba mzungumzaji leo ameishiwa maneno. Nawaomba wavumilie. Wahenga walisema usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Juu ya kigari cha mtoto imepita historia ya mkoa mzima, na historia hiyo iko mbioni kupotea.

Naanzia mbali, halafu nitarudi nyumbani. Mjini Liverpool, Uingereza, kilikuwepo kiwanda cha kampuni ya Meccano, iliyoasisiwa na Bwana Frank Hornby. Katika miaka ya 1930 kiwanda hicho kilianza kutengeneza vigari vidogo vya madini ya kumimina, na tangu mwaka 1934 vikajulikana kwa jina la Dinky Toys. Mwaka 1953 kampuni nyingine ya London, Lesney, ikaanza kuuza vigari vidogo zaidi vilivyoitwa Matchbox, maana vilienea ndani ya kasha la kibiriti. Inasimuliwa kwamba fundi wa kampuni hiyo, Jack Odell, alimtengenezea binti yake mtambo mdogo wa kushindilia barabara, kwa kuwa shuleni kwao watoto waliruhusiwa kuja tu na kichezeo kinachoweza kuingia ndani ya kibiriti. Vigari hivyo viliuzwa kwa mamilioni. Baadaye mambo yakageuka. Kiwanda cha Liverpool kilifungwa mwaka 1979, na Lesney ikafilisika mwaka 1982.

Watoto waliovichezea wakakua, na walipokwisha kuota mvi wakaanza kuvitafuta tena. Leo wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, wanaokaa jioni nzima wakifufua kigari kimoja. Hutoa ribiti zinazoshikanisha bodi na chasisi, wakaondoa rangi ya zamani kwa dawa, wakapiga msasa, wakapaka rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba, wakamalizia kwa matairi mapya ya mpira. Kikitoka hapo kinang'aa kama kilivyotoka kiwandani.

Hata hivyo, miongoni mwa watu hao kuna mabishano yasiyokwisha. Wapo wanaosema kigari kilichochakaa kipakwe rangi kirudi katika hali yake. Wapo wanaosema la hasha, kupaka rangi upya ni kufuta ushahidi. Kwa hawa wa pili, rangi iliyochubuka ndiyo inayosema kigari kilitengenezwa lini, kilichezewaje na kilianguka mara ngapi. Mnadani nako aghalabu kigari chenye rangi yake ya kwanza, tena kikiwa na kasha lake, hupata bei kubwa kuliko kilichopakwa upya. Aidha kuna ugonjwa usioponywa kwa rangi yoyote. Vigari vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vilimiminwa kwa zinki iliyochafuka kwa risasi. Baada ya miaka, madini hayo huanza kupasuka yenyewe kutoka ndani, mpaka kigari kinakuwa vipande na unga. Anayekipaka rangi anapamba maiti.

Nimeyaeleza hayo si kwa nia ya kuwaambia wasomaji wakimbilie kununua vigari vya Waingereza. Nimeyaeleza kwa sababu yanatuletea swali. Kama mwenzetu anahangaika hivyo kwa kigari kilichotengenezwa kiwandani kwa malaki, sisi tumefanya nini kwa magari ambayo kila moja lilitengenezwa mara moja tu, kwa mkono wa mtoto?

Hapo ndipo ninapopanda kwenda Ufipa. Mimi nilikulia huko, katika uwanda wa juu ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya mwezi Juni huko haina masihara. Baada ya mavuno, mashamba yanapobaki na mabua, ndipo msimu wa magari ulipoanza.

Mtoto mdogo alianza na bua la mahindi. Ganda lake gumu alilipasua vijiti, na moyo wake laini akaufanya viungo. Gari la bua lilikuwa jepesi na zuri kulitazama, lakini halikudumu, kwani usiku mmoja lilipoachwa nje mbuzi walilila. Mtoto alipokua kidogo alihamia kwenye waya. Waya haukununuliwa, uliokotwa. Ulitoka kwenye marobota, kwenye ua uliobomoka, kwenye spoki za baiskeli zilizokatika. Viungo vilikazwa kwa vipande vyembamba vya mpira wa tyubu. Magurudumu yalikatwa kutoka kwenye soli za kandambili zilizokwisha, au yalikuwa vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu. Usukani ulikuwa duara la waya juu ya fimbo ndefu iliyoshuka mpaka kwenye ekseli ya mbele, ili dereva aweze kukimbia wima nyuma ya gari lake, huku mdomo wake ukifanya kazi ya injini.

Rangi nayo haikusahauliwa. Mkaa uliosagwa ukatiwa maji ulitoa nyeusi. Udongo ulitoa nyekundu. Siku ya bahati, mtu aliokota kopo lililotupwa na fundi aliyepaka milango, likiwa bado na mabaki ya rangi ya mafuta, na kijiji kizima kikawa na malori ya rangi moja.

Sasa, ndugu msomaji, jambo kubwa liko hapa. Mtoto yule hakuwa na mchoro wala kitabu. Kiolezo chake kilikuwa gari lenyewe lililopita barabarani. Hakutengeneza "gari" tu. Alitengeneza Bedford, au Landrover, au Scania, na mwenzake aliyekosea idadi ya matairi ya nyuma alichekwa mpaka akarekebisha. Kwa hiyo magari yale yalikuwa kumbukumbu. Yaliandika kwa waya ni gari gani lilifika Ufipa, na lilifika lini.

Na kufika Ufipa lilikuwa jambo la kuandikwa. Reli haikupanda huko. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi lililojengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi lilifika Mpanda kufikia mwaka 1950, likaishia hapo. Kabla ya magari, mizigo ilibebwa vichwani. Waingereza walipoiteka Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, mwezi Juni mwaka 1916, chakula na risasi za majeshi ya pande zote mbili vilikuwa vimepita juu ya vichwa vya wapagazi. Binadamu ndiye aliyekuwa lori la vita hiyo.

Mwezi Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa upande mmoja, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya mafuta na shaba yake. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, na malori ya Fiat yakaanza kumiminika katika barabara kuu kupitia Tunduma. Ile haikuwa barabara ya Ufipa, lakini Tunduma ndiyo mlango wetu wa kusini. Mvulana aliyesindikiza mjomba wake mpaka Tunduma mara moja tu, alirudi Laela na Fiat nzima kichwani mwake, na baada ya wiki moja Fiat hiyo ilikuwa ikikimbia vumbini na tela lake nyuma.

Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa uliundwa. Miaka hiyo hiyo lori katika nchi yetu lilikuwa pia gari la Operesheni Vijiji, lililobeba watu pamoja na milango na mabati ya nyumba zao. Zikaja Scania, zile ambazo kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kilikuwa kikiziunganisha. Baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 ikaja miaka ya uhaba. Nakumbuka mvulana mmoja aliyekuwa amefunga kijiti chini ya lori lake la waya, upande mmoja tu. Alipoulizwa alijibu, kwa uso mkavu kama wa dereva mzee, kwamba springi imekatika na spea hazipo. Mtaalamu wa uchumi angeweza kuandika kurasa nyingi juu ya upungufu wa fedha za kigeni, na asiueleze kama kijiti kile kilivyoueleza.

Baada ya milango ya biashara kufunguliwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na waya ukapindwa kufuata umbo la Hiace na Landcruiser. Na mwaka 2008 Tanzania ilipotiliana mkataba na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilometa 224, ikawa miongoni mwa zilizopangiwa lami. Leo lami hiyo ipo, na safari iliyokuwa ikimaliza siku katika masika sasa ni ya saa chache.

Ukiyapanga magari hayo yote kwa mfuatano, unapata historia ya usafiri wa Ufipa kama ilivyoonekana kutoka kando ya barabara. Lakini yapange uone! Yako wapi? Anayetaka Dinky ya mwaka 1938 atajaliwa kuipata mnadani, japo imeanza kupasuka. Anayetaka Fiat ya waya iliyotengenezwa Laela baada ya mwaka 1966, sidhani kama ataipata kwa fedha yoyote.

Sababu yake si uzembe. Sababu ni kwamba waya ulikuwa adimu. Fiat ilipoacha kuwa gari la kutamaniwa, mwenyewe aliifungua, akaunyoosha waya kwa jiwe juu ya jiwe, akatengeneza Scania. Scania nayo ikaja kuwa Hiace. Yawezekana waya mmoja ulipita magari matano na ndugu watatu, mpaka ukakatika kwa kuchoka. Kwa mtoto wa Ufipa, kufufua gari hakukuwa kulirudisha lilivyokuwa, bali kulifanya litembee tena kwa sura nyingine.

Na wakubwa wa pande zile wanaifahamu sana namna hiyo ya kufufua. Tazama meli ya Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ikitia nanga Kasanga. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwezi Julai mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikaondolewa, ikafungwa injini za dizeli. Mkusanyaji wa Dinky angetikisa kichwa na kusema hii si ya asili tena. Abiria wa Kasanga hakuuliza swali hilo, kwani yeye alitaka meli ifike.

Zipo basi namna mbili za kufufua: kufufua ili kitu kitazamwe, na kufufua ili kitu kifanye kazi. Namna ya pili ina heshima yake kubwa, lakini ina gharama moja. Haiachi nyuma kitu cha kuonyesha. Kinachobaki ni ujuzi ulio mikononi mwa watu, na watu hufa.

Ufipa imekwisha kuonja gharama hiyo. Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Walijenga tanuri la udongo waliloliita ilungu, pana chini na jembamba juu, lenye kimo cha kama meta 3. Lilijivutia hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe. Majembe ya viwandani ya bei nafuu yalipoenea, kazi hiyo ilipungua, na kufikia katikati ya karne ya 20 malungu yalikuwa yamezimika. Watafiti kama Profesa Bertram Mapunda, aliyechunguza mabaki ya ufuaji chuma huko Nkansi, na Randi Barndon wa Norway, walifanya kazi kubwa katika miaka ya 1990 kuokoa kilichobaki. Lakini kwa wakati huo waliowahi kulisha ilungu kwa mikono yao walikuwa wazee sana, na wengi walikuwa wamekwisha kwenda.

Hata hivyo chuma hichohicho kinatufundisha dawa. Kule Buhaya, mkoani Kagera, katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery hawakuridhika na kuokota mabaki. Waliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma wajenge tanuri upya, na wazee wakalijenga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la kisayansi la Science, na ulimwengu ukajua ufundi wa Wahaya ulikuwa wa kiwango gani. Hakuna aliyekuwa na tanuri kuukuu la kupakwa rangi. Palikuwa na mikono iliyokumbuka.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Magari ya waya ya Ufipa hayawezi kuhifadhiwa kwa njia ya Liverpool, kwa sababu magari yenyewe hayapo. Yatahifadhiwa kwa njia ya Buhaya, yaani kwa kuwaomba waliokuwa watoto wayatengeneze tena, kila mmoja gari la wakati wake, kwa vifaa vya wakati wake, na wakati anapinda waya aulizwe: gari hili uliliona wapi? Lilibeba nini? Nani alikuwa dereva? Majibu hayo yarekodiwe pamoja na gari. Gari bila maelezo ni waya tu.

Wako watakaouliza, je, tuna fedha za mchezo huo wakati zahanati hazina dawa? Najibu kwamba hakuna mradi wa bei ndogo kuliko huu. Unahitaji mwalimu mmoja wa shule ya msingi, wanafunzi wake, wazee watano wa kijiji, na simu ya mkononi yenye kurekodi. Ofisa utamaduni wa wilaya akipita kuchukua yaliyokamilika, amefanya kazi ya mwaka.

Wengine watasema watoto wa leo wana magari ya plastiki kutoka China, na hayo ndiyo maendeleo. Sina ugomvi na plastiki, wala siusifu umaskini. Mtoto anayeokota waya kwa sababu hana kitu kingine si wa kuonewa wivu. Lakini gari la plastiki halijui kona za Lyamba lya Mfipa, wala halijui springi iliyofungwa kijiti. Aliyelichora hajawahi kufika Namanyere.

Na kwa yule mwenye bahati ambaye bado ana gari kuukuu juu ya dari au katika sanduku la marehemu kaka yake, nina ombi. Usilinyooshe, usilioshe, na zaidi ya yote usilipake rangi ili lipendeze. Ule mkaa uliofifia na ile rangi ya mlango iliyobanduka ndiyo maandishi yake. Lifungie karatasi yenye jina la aliyelitengeneza, kijiji na mwaka. Katika hili, wale mabwana wa Dinky wenye msimamo mkali wana haki.

Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yamehifadhi magari waliyopanda wakubwa wa nchi, likiwemo la aina ya Rolls-Royce, na ni vema yamefanya hivyo. Wananchi wengi hawakupanda magari hayo. Waliyaona yakipita. Namna walivyoyaona magari ya zama zao, kwa jicho la mtoto asiyesahau hata tairi moja, haimo katika chumba chochote cha makumbusho ninachokijua.

Mvulana aliyekuwa na miaka 10 malori ya Fiat yalipoanza kupita Tunduma, leo ana umri wa karibu miaka 70. Macho yake yameanza kupungua nuru, lakini ukimpa waya vidole vyake vitaanza kufanya kazi kabla hajamaliza kukujibu salamu. Waya unapatikana dukani siku yoyote. Vidole vile havitatungoja.